Viini viwili au vinne? Namna ya kuchagua prosesa ya kompyuta ya mezani ukiwa Kigoma

Treni ya kutoka Dar es Salaam ikiingia stesheni ya Kigoma, kwenye mizigo inayoshuka hakosekani mtu aliyekumbatia boksi lililozungushiwa blanketi kama mtoto mchanga. Ndani mna kompyuta ya mtumba kutoka Kariakoo. Mwenye boksi hupanda bajaji hadi kwangu Mwanga, na kabla salamu hazijaisha anakuwa ameshaniambia: "Fundi, hii siyo mchezo, ina viini vinne."

Huwa simcheki, maana na mimi nilishawahi kuwa yeye. Nilipoanza steshenari niliagiza kwa simu mashine yenye stika ya viini vinne. Muuzaji sitamtaja. Ilipofika nikakuta prosesa ni Core 2 Quad Q6600, chipu iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 2007. Mezani nilikuwa tayari na mashine ya i3-2100, viini viwili tu, ya mwaka 2011. Nikaziweka bega kwa bega, nikafungua faili moja la mtihani lenye picha nyingi kwenye zote mbili. Ya viini viwili ilishafungua, nimeshashuka hadi ukurasa wa mwisho, na ile ya viini vinne bado kiduara kinazunguka. Nilikuwa nimeongeza hela ili nirudi nyuma miaka minne.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua kompyuta ya mezani ya mtumba, au kubadilisha prosesa kwenye aliyonayo, na hana hela ya kukosea mara mbili.

Kiini ni nini, kwa dagaa wa Kibirizi

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kiini ni mfanyakazi mmoja kamili ndani ya prosesa hiyo. Yenye viini viwili ina wafanyakazi wawili, yenye vinne ina wanne.

Sasa nenda mwaloni Kibirizi asubuhi, mitumbwi ikirudi. Dagaa wakishashushwa, wanawake wanne watamaliza kuwaanika kwa nusu ya muda ambao wangetumia wawili. Hapo wingi wa mikono una maana. Lakini mtumbwi ukichelewa, wote wanne wanakaa mchangani wakipiga soga. Na dagaa wakishaanikwa, jua halina habari walioanika walikuwa wangapi. Litawakausha kwa muda wake.

Kompyuta iko hivyo hivyo. Zipo kazi zinazogawanyika na zipo zisizogawanyika, na ipo mitumbwi inayochelewa, yaani diski (inakotunzwa mafaili) na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi). Mhandisi Mmarekani Gene Amdahl alilieleza jambo la kazi zisizogawanyika mwaka 1967, na hesabu yake bado inatumika. Chukua kazi ya kutoa video inayomaliza dakika 60 kwa kiini kimoja, na katika hizo dakika 54 zinagawanyika, 6 hazigawanyiki. Ukiwa na viini viwili: 6 na 27, jumla dakika 33. Ukiwa na vinne: 6 na 13 na nusu, jumla dakika 19 na nusu. Faida ipo, tena ya wazi.

Chukua sasa kazi ya sekunde 60 ambayo zinazogawanyika ni 12 tu. Viini viwili: sekunde 54. Viini vinne: sekunde 51. Umelipia wafanyakazi wawili wa ziada, wamekuokolea sekunde tatu. Uchapaji wa barua, kufungua faili na kubofya menyu viko upande huu wa pili.

Kuna neno jingine utakalokutana nalo: nyuzi. Prosesa kama i3-2100 ina viini viwili lakini kila kiini kinashika nyuzi mbili, hivyo Windows inaonyesha vichoro vinne. Ni kama mwanamke mmoja mwenye makarai mawili: akisubiri hili lijazwe, anamwaga lile. Inasaidia, ila hajageuka kuwa watu wawili. Wauzaji wengine wanahesabu makarai na kukuambia ni watu.

Hatua ya kwanza: andika kazi zako

Chukua karatasi. Andika kila kinachofanyika kwenye mashine kwa siku moja ya kawaida, na hasa vitu gani vinakuwa wazi kwa pamoja. Usiandike unachoota kufanya. Nimeuza mashine za kuhariri video kwa watu ambao hadi leo wanachapa barua za kuomba kazi.

Hatua ya pili: pima mashine uliyonayo

Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi ningekuwa na uwezo ningewalazimisha kuifanya kabla ya kutoa hata mia.

Fungua kazi zako zote za kawaida, zile za saa ya wateja wengi. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda sehemu iliyoandikwa Performance. Upande wa kushoto utaona CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski). Bofya CPU, halafu bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya mchoro, uchague uonyeshe mchoro wa kila uzi peke yake. Chini yake pameandikwa Cores, hiyo ndiyo idadi ya viini, na Logical processors, hiyo ni idadi ya nyuzi. Acha dirisha hilo wazi, endelea na kazi, na kila mashine inapokwama tupia jicho.

Ukiona Disk imefika asilimia 100 na CPU iko chini, mtumbwi haujafika. Wafanyakazi wako wamekaa mchangani. Kuwaongeza ni kuongeza wapiga soga. Dawa yake ni SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi zaidi.

Ukiona Memory imepita asilimia 90, RAM imejaa na kompyuta imeanza kutumia diski kama RAM, jambo linaloifanya itambae. Dawa ni kuongeza RAM. Kwa kazi za leo GB 8 ndipo pa kuanzia. GB 4 ni mateso ukishafungua Chrome.

Ukiona mchoro mmoja umepanda juu kabisa na mingine imelala, programu yako inatumia kiini kimoja. Hapa kuna mtego: kwenye prosesa yenye viini vinne na nyuzi nne, jumla ya CPU itasomeka kama asilimia 25 tu, na utadhani prosesa imepumzika. Kumbe mfanyakazi mmoja anakufa na kazi, watatu wanamtazama. Mtu wa namna hii anahitaji prosesa ya kizazi kipya, yenye kiini chenye nguvu zaidi. Viwe viwili au vinne si hoja kwake.

Ukiona michoro yote imepanda na kubaki juu kwa dakika nyingi, sasa ndiyo unaweza kuzungumza habari ya viini vinne.

Mwaka fulani alikuja mama mmoja mwenye steshenari Ujiji. Ilikuwa msimu wa wanafunzi kujaza fomu za mkopo za HESLB, foleni nje ya duka lake inafika barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nitafutie i5, hii yangu inanitia aibu mbele ya watoto wa watu."

Nikamwomba twende dukani kwake kwanza. Tukafungua kivinjari na kurasa zake zote, Word, na skana ya vyeti. CPU ilikuwa inacheza kwenye 18, Disk imeganda kwenye 100. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaniuliza, "Kwa hiyo prosesa haina kosa?" Haikuwa na kosa. Nikamwekea SSD ya GB 240, ile diski ya zamani nikaiacha ya kutunzia mafaili. Ile i3 ya viini viwili bado inafanya kazi pale pale, na i5 hajainunua hadi leo.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa kinyume chake. Anarekodi nyimbo, anahariri video, anazitoa kwa ajili ya YouTube. Mashine yake ilikuwa na i3-3220, SSD anayo, RAM GB 16. Alipobonyeza kutoa video, vichoro vyote vinne vilipaa na kukaa huko huko kama nusu saa, na feni inalia. Yeye sikumpinga. Tulimwekea i5-3470 yenye viini vinne vya kweli, na wimbo ule ule ukawa unatoka kwa kama dakika ishirini. Kwa mtu anayetoa nyimbo sita kwa wiki, hiyo ni saa nzima iliyorudi mfukoni.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma jina la prosesa

Stika za nje ya keisi zisikusumbue. Stika inabanduka na kubandikwa, na zipo zinazouzwa zenyewe. Jina la kweli unalipata kwa kubofya kulia kwenye This PC, kisha Properties, au kwa programu ya bure ya CPU-Z ambayo nashauri uitembee nayo kwenye flashi.

Kwa Intel, jina kama i5-3470 lina sehemu tatu za kuangalia. Herufi na namba ya mwanzo, i3 au i5, ni daraja. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi. Hapa ni cha 3. Zikiwa tarakimu tano, kama i3-10100, basi mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha 10. Herufi ya mwisho, kama ipo, ina neno lake.

Kwa kompyuta za mezani, i3 za kuanzia kizazi cha 2 hadi cha 7 ni viini viwili na nyuzi nne. i5 nyingi za vizazi hivyo ni viini vinne na nyuzi nne. Nimesema nyingi, na hapa ndipo watu wanaumia. i5-3470 ina viini vinne. i5-3470T, yenye hiyo T ndogo mwishoni, ina viwili. Vivyo hivyo i5-4570 ni vinne na i5-4570T ni viwili. Hata kizazi cha kwanza, chenye tarakimu tatu tu baada ya kistari, kina mtego wake: i5-650 ni viini viwili wakati i5-750 ni vinne. Vikompyuta vidogo vinavyofungwa nyuma ya skrini mara nyingi ndivyo vyenye hizo T. Nilishawahi kuuziwa kimoja kwa bei ya viini vinne, na aliyeniuzia nadhani hata yeye hakujua.

T maana yake ni prosesa ya umeme mdogo. Haina ubaya ukiijua. Kile kikompyuta nilimuuzia mteja wa Buhigwe anayetumia sola, nikimweleza wazi ina viini viwili, na kwake wati 35 zilikuwa habari njema kuliko viini.

F mwishoni, kama i3-10100F, maana yake prosesa haina picha ndani. Bila kadi ya picha ya kuchomeka pembeni, skrini itakaa nyeusi.

Kisha kuna viini vinne vya jina. Celeron J4125 ina viini vinne, lakini ni chipu ya wati 10 iliyotengenezwa kwa mashine ndogo. Inafaa kukatia tiketi au kutolea risiti. Ukiikuta kwenye tangazo lenye maandishi makubwa ya viini vinne, kumbuka kuwa i3-6100 ya viini viwili itaiacha mbali kwenye kazi za ofisi.

Kizazi kina uzito kuliko watu wanavyodhani. i3-6100 ya mwaka 2015 ina viini viwili vinavyokwenda kwa gigahezi 3.7. i5-2400 ya mwaka 2011 ina vinne vya gigahezi 3.1. Kwenye kazi zinazogawanyika vizuri zinakaribiana. Kwenye kazi za kiini kimoja, i3 inapita mbele bila ubishi, tena inakula wati 51 dhidi ya 95. Ukipewa mashine hizo mbili kwa bei moja na wewe ni mtu wa kuchapa na kujaza fomu, chukua ya viini viwili na usigeuke nyuma. Na gigahezi zenyewe zilinganishe ndani ya kizazi kimoja tu. Q6600 yangu ilikuwa na gigahezi 2.4, lakini hata ingekuwa na 3.1 isingeifikia ile i3-2100.

Hatua ya nne: piga hesabu ya umeme

Kigoma tunaujua umeme kwa majina yote. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli, na mwenye duka hapa hana haja ya kufundishwa kuogopa giza.

Wati zinazoandikwa kwa prosesa ni kiwango cha joto ambalo feni inapaswa kuliondoa kazi ikiwa nzito. Mashine ikiwa imetulia inakula pungufu sana ya hapo. Lakini tuchukue hali mbaya. Tofauti ya wati 65 na 95 ni wati 30. Kwa saa 10 kwa siku ni uniti 0.3. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 7.8. Ukinunua uniti kwa takriban shilingi 356, ni chini ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa mashine moja hiyo si sababu ya kukataa viini vinne. Kwa maabara ya shule yenye mashine 20 ni jambo la kuwekwa mezani.

Panapouma zaidi ni kwenye UPS. Ile ndogo ya dukani huwa na betri ya volti 12 na saa-ampea 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi, na kiuhalisia pungufu, zaidi kama betri imezeeka. Prosesa nzito, skrini na diski vikiinywa kwa pamoja unabaki na dakika chache za kuhifadhi kazi. Kama unatoa video na umeme ukakatika katikati, wati ndogo ndizo zinazokupa muda wa kufunga kwa heshima. Na tafadhali printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Ikianza kupasha moto itaiangusha UPS na kompyuta pamoja.

Hatua ya tano: kama unabadilisha prosesa, ulizia mazabodi kwanza

Prosesa haiingii kwenye mazabodi (bodi kuu ndani ya keisi) yoyote tu. Core 2 Duo na Core 2 Quad zinakaa kwenye soketi (kikalio cha prosesa) LGA775. Kizazi cha 2 na cha 3 ni LGA1155. Kizazi cha 4 ni LGA1150. Cha 6 na cha 7 ni LGA1151. Cha 8 na cha 9 nazo zinaitwa LGA1151, lakini usidanganyike na jina: i3-8100 haitawaka kwenye mazabodi ya i3-6100, japo inaingia. Cha 10 na cha 11 ni LGA1200.

Hata soketi ikilingana, chipseti (chipu ya mazabodi inayoongea na prosesa) inaweza kukataa. Mashine nyingi za ofisi za kizazi cha 2 zilizojaa kwenye mtumba zina chipseti Q65, Q67 au B65, na hizo hazikubali prosesa za kizazi cha 3. Mtu ananunua i5-3470 akiamini soketi ni moja, anachomeka, skrini haiji. Kwenye mashine hizo chukua i5-2400 na mambo yaishe. Ukitumia CPU-Z, sehemu ya Mainboard inakuonyesha chipseti kabla hujatoa hela.

Angalia na feni. Ile iliyokuja na i3 ya wati 55 huenda ni kipande chembamba cha alumini. Kwa i5 ya wati 95 tafuta yenye shaba katikati.

Na kama mashine yako ni ya Core 2 Duo? Usiiongezee kitu. Core 2 Quad ya kuchomeka hapo haitakusaidia, na matoleo ya sasa ya Windows 11 hayawaki kabisa kwenye prosesa za familia hiyo. Weka hela hiyo kwenye mashine nyingine.

Hatua ya sita: fikiria Windows

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwenye karatasi inataka viini viwili tu, gigahezi 1, RAM GB 4 na nafasi ya GB 64. Lakini inataka pia TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa Intel orodha yake rasmi kwa kompyuta za kawaida inaanzia kizazi cha 8. Na kizazi cha 8 ndicho ambacho i3 ya mezani ilipewa viini vinne: i3-8100, vinne kamili vya gigahezi 3.6, wati 65. Kwa hiyo mtu anayenunua leo akitaka Windows 11 bila kuilazimisha, swali lake la viwili au vinne linakuwa limejibiwa na kizazi chenyewe, isipokuwa akiokota Pentium au Celeron, ambazo nyingi ziliendelea kuwa na viwili. Upande wa AMD, mshindani wa Intel, Ryzen 3 3200G ina viini vinne, ina picha ndani, na inakubalika.

Mwenye mashine ya kizazi cha 2 hadi cha 7 ambaye kazi yake ni kuchapa na intaneti anaweza kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na LibreOffice, programu ya bure ya kuchapia. Wateja wangu wawili wamezoea. Wa tatu aliirudisha baada ya wiki kwa sababu programu yake ya hesabu ilitaka Windows, na alikuwa na haki.

Sasa chagua

Steshenari ya kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu mtandaoni: viini viwili vya kizazi cha 6 au cha 7, SSD, RAM GB 8. Kivinjari kinagawa kurasa zake kwenye viini, hivyo ukiwa mtu wa kurasa ishirini wazi kwa pamoja, vinne utavihisi. Lakini SSD na RAM zitangulie.

Maabara ya shule: viini viwili, na pesa iliyobaki iende kwenye UPS na mashine mbili za akiba.

Studio ya video au muziki: viini vinne, hapa sina mjadala. Ukiweza kufika i3-12100 ya mwaka 2022, viini vinne na nyuzi nane, fika. Viwili utavilaani kila jioni ya harusi.

Banda la michezo ya kompyuta: vinne pia, maana michezo mingi ya miaka ya karibuni inakwama kwenye viwili hata ukiwa na kadi nzuri ya picha.

Mashine moja ya nyumbani ya watoto kusomea: chochote cha kizazi kipya utakachopata kwa bei nzuri. Usipoteze usingizi.

Siku ya kununua

Usinunue mashine ambayo hujaiona ikiwaka. Nenda na flashi yenye vitu vitatu: CPU-Z, faili lako zito kuliko yote, na kipande cha video. Fungua CPU-Z usome jina hadi herufi ya mwisho, pamoja na idadi ya viini na nyuzi pale chini. Fungua faili lako. Kisha acha video ichezwe na kurasa kadhaa ziwe wazi kwa dakika 15 bila kuzima. Prosesa iliyokaukiwa pesti ya joto (ile inayopakwa kati yake na feni) itaanza kujionyesha: feni inapaa, mashine inakuwa nzito taratibu, mwisho inajizima. Kama unaagiza kutoka Dar, mwambie muuzaji akutumie video fupi ya skrini ya CPU-Z na wewe ukiwa umemtajia neno la kuandika kwenye Notepad pembeni, ili usitumiwe video ya mashine ya jirani. Na mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi kuhusu kurudisha, siyo kwa mdomo.

Ukiifunga mwenyewe

Chomoa waya wa umeme kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha keisi kabla ya kushika chochote. Puliza vumbi, vumbi letu jekundu hujazana chini ya feni hadi linakuwa kama blanketi. Legeza feni kwa mshazari, skrubu hii kidogo, ile ya upande wa pili kidogo. Kama imegandana na prosesa izungushe taratibu, usiivute.

Inua mkono wa soketi. Kwenye soketi hizi za Intel pini ziko kwenye mazabodi, nyembamba kuliko unywele, na ukizigusa kwa kidole tu umeharibu. Prosesa ishikwe kwa kingo. Ina kapembetatu ka dhahabu kwenye kona moja. Kalingane na alama ya soketi. Iache ikae kwa uzito wake wenyewe, bila kuikandamiza. Futa pesti ya zamani kwa pamba yenye spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, rudisha feni kwa mshazari ule ule, na uchomeke waya wake pale palipoandikwa CPU_FAN. Nimeletewa mashine tatu "mbovu" ambazo kosa lake lilikuwa ni waya huo tu.

Washa, ingia BIOS (menyu ya mashine inayokuja kabla ya Windows), soma jina la prosesa na joto. Ikiwa imetulia na inasoma nyuzi 40 na kitu za sentigredi, ni sawa. Ikikimbilia 80 ndani ya dakika mbili, zima, feni haijakaa. Ikiingia Windows, fungua Task Manager, angalia pale kwenye Cores, kisha fanya ile kazi uliyoipima mwanzoni na ulinganishe kwa saa.

Prosesa ya zamani irudishe kwenye kiplastiki cha ile mpya, andika jina lake na tarehe kwa kalamu ya maka, uiweke droo ya juu. Yangu ya mwisho, ile i3-3220 ya mwalimu wa kwaya, ilikaa humo wiki tatu kabla ya mtu wa Mwandiga kuja na mashine yenye Celeron.